Gazeti la Ukutani

Mwanafunzi aandikaye kwa ajili ya mwalimu wake peke yake ana msomaji mmoja tu, na msomaji huyo ameshika kalamu nyekundu. Asomapo hatafuti habari, hutafuta makosa. Habari yenyewe aijua kabla ya kuisoma, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa kichwa cha insha. Akimaliza huandika alama juu ya ukurasa, daftari hurudi kwa mwenyewe, na mwenyewe hutazama alama akalifunga. Hapo ndipo safari ya maandishi hayo inapokoma. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika shule za Eastlands, Nairobi, nami nakiri kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliwazoeza watoto wa watu kuandika kwa namna hiyo. Nataka kukueleza, wewe uliye mwanafunzi leo, jinsi nilivyojifunza namna nyingine, na gharama ambayo mtu mwingine aliilipa kwa ajili ya kujifunza kwangu.

Kama hukai Eastlands, yafaa kwanza upajue mahali penyewe. Ni upande wa mashariki wa jiji. Mtaa wa Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makao ya Waafrika. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, kisha ikafuata mitaa kama Bahati, Maringo na Jericho, na baada ya Uhuru ikaja Buruburu, Umoja na Dandora. Katika mitaa ya zamani nyumba ni ndogo na watu ni wengi, kwa hiyo habari hazina mlango: lililotendeka asubuhi upande huu, jioni linajulikana upande wa pili. Watoto wa hapa husema Sheng, lugha ichanganyayo Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya, na kila mtaa una maneno yake ambayo mtaa wa pili huyacheka. Kwa ufupi, ni watoto wasiopungukiwa na maneno wala habari.

Walakini watoto hao hao walipoketi kuandika insha hawakuwa na la kusema. Niliwapa kichwa, nao wakanipa jua lililochomoza upande wa mashariki, ndege waliokuwa wakiimba mitini, na umande uliometameta majanini. Sentensi hizo walikuwa wamezikariri tangu shule ya msingi, nao walizitia katika kila insha, iwe ya arusi au ya ajali. Binti mmoja aliyeandika habari za ndege mitini aliishi katika mtaa ambao mti wake mmoja tu ulikuwa umekatwa mwaka uliotangulia. Nilipomwuliza kwa nini ameandika asichokiona, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, nilidhani ndivyo insha inavyotakiwa iwe."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Niliona kuwa yeye hakukosea. Mimi ndiye niliyekuwa nimewapa alama wale ndege wasiokuwapo.

Mwaka 2016 nilianzisha gazeti la ukutani. Halikuhitaji fedha. Niliomba ubao uliotupwa ghalani, wanafunzi wakaupaka rangi, tukanunua gundi na vibanio, tukautundika nyuma ya darasa la kidato cha pili. Kila juma wanafunzi sita waliandika makala, kila moja ikiwa ya ukurasa mmoja, kwa mwandiko unaosomeka, na jina la mwandishi chini yake. Wawili walikuwa wahariri, na uhariri ulikwenda kwa zamu ili kila mmoja aonje uchungu wa kukata maneno ya mwenziwe na wa kukatiwa ya kwake. Chini ya kila makala tulibandika karatasi tupu. Msomaji aliyekuwa na swali au maoni aliyaandika hapo na kutia jina lake, na mwandishi alipaswa kuyajibu kabla ya juma kwisha. Sharti la jina lilikuwa la lazima, kwa maana mtu akifichwa uso hupungukiwa na haya.

Hapo mwanzo makala zilikuwa zile zile za umande. Lakini karatasi tupu zilifanya kazi ambayo kalamu yangu nyekundu haikuweza kuifanya kwa miaka. Chini ya makala moja mwanafunzi aliandika, "Ndege hao ni wa aina gani, na ni mti upi?" Mwandishi hakuwa na jibu, na darasa lote lilijua kuwa hana. Juma lililofuata hakuna aliyeandika habari za ndege.

Yule binti wa kwanza aliandika jinsi mama yake aondokavyo nyumbani kabla ya mapambazuko kwenda soko la Gikomba, ili awahi robota la mitumba linapofunguliwa na kuchagua nguo nzuri kabla ya wengine. Alieleza mama yake anavyoinusa nguo, anavyoinyosha mbele ya taa kutafuta tundu, na anavyojua kwa kuushika ushono kama shati litadumu. Chini yake kulikuwa na maswali kumi na moja. Wanafunzi ambao hawakuwahi kumsemesha walitaka kujua mama afanyeje akipata robota baya. Nilimwona akisimama mbele ya ubao wakati wa mapumziko, anayasoma maswali yale mara ya pili na ya tatu. Nadhani ndiyo siku aliyotambua kuwa maisha ya kwao yalistahili kuandikwa.

Mwingine alikwenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, akaandika jinsi wanavyoyafungua mapipa yaliyokwisha kazi, wakayanyosha kwa nyundo, na kuyafanya masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa shule za bweni hubeba vitabu na nguo. Yamkini sanduku lako, msomaji, lilipigwa hapo. Mwingine aliuliza wazee wa kwao maana ya majina ya mitaa. Alirudi na habari kwamba Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, na Mbotela ni jina la Tom Mbotela, madiwani wa Nairobi waliouawa katika siku za Hali ya Hatari, Mbotela mwaka 1952 na Ofafa mwaka 1953. Watoto waliozaliwa katika mitaa hiyo walikuwa wakiyataja majina ya watu hao kila siku katika matatu bila kujua kuwa wanataja wafu.

Suala la Sheng lilizuka mapema. Wengine walitaka iruhusiwe, wengine iharamishwe. Tuliamua kuwa maelezo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, na maneno ya watu yaandikwe kama walivyoyanena, kwa maana si haki kumvisha fundi wa Kamukunji kilemba cha maneno asiyoyajua. Tangu siku hiyo wanafunzi walianza kusikiliza namna watu wanavyosema, na waliposikiliza waliona pia mahali Kiswahili sanifu kilipokuwa na neno bora kuliko lao. Sikuwahi kufundisha somo la msamiati likaingia namna hiyo.

Nilijivuna sana. Baada ya miezi michache tuliuhamisha ubao hadi karibu na lango la shule, ili wazazi na wapita njia wausome pia. Msomaji, hapa ndipo kisa changu kinapogeuka, na ningependa ukisome polepole.

Mwaka 2017 mvua zilikuwa zimepungua, na maji ya bwawa la Ndakaini, lililoko kaunti ya Murang'a na ambalo huipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, yalishuka mno. Jiji lilianza kugawa maji kwa zamu. Katika mitaa yetu mifereji ilikauka siku nyingi kuliko ilivyotiririka, na watu wakategemea wauza maji wa mikokoteni. Mtungi wa lita 20 ambao ulikuwa ukiletwa mlangoni kwa shilingi 20 ukapanda hadi shilingi 50.

Kijana mmoja wa kidato cha pili, mwerevu na mwenye uchungu kwa ajili ya mama yake aliyelipa fedha hizo, aliandika makala juu ya muuza maji wa mtaa wao. Hakumtaja jina, lakini alitaja rangi ya mkokoteni wake na kona anayosimama. Alisema kuwa mzee huyo hununua maji kwa shilingi 5 kiungani na kuyauza kwa shilingi 50, na hivyo huwapora maskini shilingi 45 katika kila mtungi. Ilikuwa makala ya kupendeza. Methali zilikaa mahali pake, hasira ilipanda daraja kwa daraja, na mwisho wake ulikata kama wembe. Nilisahihisha upatanisho wa ngeli katika sentensi mbili, nikampa alama 18 juu ya 20, na kuibandika kwa mikono yangu katikati ya ubao.

Baada ya siku tatu mzee mmoja alifika langoni, kofia mkononi. Nilipoitwa nilidhani ni mzazi aliyekuja kutupongeza. Nilimkuta amesimama mbele ya ubao, kidole chake kikifuata mistari, midomo ikitamka neno kwa neno. Nilingoja amalize. Alipofika mwisho alirudi juu, akausoma tena mstari mmoja, kisha akanigeukia.

"Mwalimu," alisema, "mtoto huyu ana Kiswahili kizuri kuliko changu. Lakini mbona hakuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Yeye hakupaza sauti. Alinieleza kuwa ile mifereji ya kiungani aliyokuwa akinunua maji kwa shilingi 5 ilikuwa imekauka kama mingine. Sasa alikwenda mbali, kwenye kisima cha mtu, akapanga foleni tangu usiku, na kulipa shilingi 20 kwa kila mtungi. Zamani alizunguka safari tatu kwa siku, sasa safari moja tu. Tangu makala ile ibandikwe, akina mama wa ploti mbili walikuwa wameacha kununua kwake, na vijana walimwita mporaji mbele ya mjukuu wake. Siku iliyotangulia alikuwa amerudi jioni na mitungi tisa iliyojaa.

Nilimwita kijana. Alikuja, akamtambua mzee, naye akainamisha kichwa. Mzee alimwambia, "Mwanangu, keti tuhesabu." Tukaketi watatu, nami nikashika chaki. Mkokoteni ulibeba mitungi 20. Zamani kwa safari tatu aliuza mitungi 60: alinunua kwa shilingi 300, akapata shilingi 1,200. Kodi ya mkokoteni ilikuwa shilingi 200 kwa siku, na msaidizi alilipwa shilingi 200. Zilimbakia shilingi 500. Sasa aliuza mitungi 20: alinunua kwa shilingi 400, akapata shilingi 1,000, na baada ya kulipa kodi na msaidizi zilimbakia shilingi 200. Bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili, na riziki ya mzee ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Hesabu hiyo ya darasa la sita haikutushinda mimi na kijana kwa ugumu wake. Ilitushinda kwa kuwa hatukwenda kuitafuta.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililobandikwa ukutani halina tofauti na maji hayo. Nilifikiri kuiondoa makala ile kimya kimya. Kijana ndiye aliyenikataza. Alisema kwamba tukiiondoa, waliokwisha kuisoma watabaki na uongo, na watakaokuja hawatajua kuwa tulikosea. Hapo mwanafunzi alinitangulia mwalimu wake.

Jumamosi iliyofuata, kwa ruhusa ya mama yake, kijana aliamka usiku akafuatana na mzee mpaka kisimani, akapanga foleni pamoja naye, na kuusukuma mkokoteni hadi nyumbani. Jumatatu alileta makala ya pili. Haikuwa na methali nyingi. Ilikuwa na saa waliyoondoka, urefu wa foleni, hesabu yote tuliyoifanya, na maneno haya mwishoni: kwamba mwandishi alikuwa amemshitaki mtu bila kumsikiliza, naye anamwomba radhi. Tuliibandika mahali pale pale katikati ya ubao, kwa herufi za ukubwa ule ule, si pembeni. Kando yake niliandika maelezo yangu mimi, na jina langu chini yake: kwamba mwalimu aliyeipitisha makala ya kwanza alisahihisha ngeli akasahau kuutafuta ukweli, na kwamba alama 18 alizozitoa zilikuwa kosa lake kuliko la kijana.

Utauliza kama mzee alirudishiwa wateja wake. Ploti moja ilirudi. Ya pili ilikuwa imekwisha kupata muuza maji mwingine, haikurudi. Sitakudanganya kwamba ukweli ukichelewa hulipa deni lote. Mzee aliendelea kupita langoni, akasimama kusoma ubao kila juma, na mara moja aliandika swali katika karatasi tupu, kwa herufi kubwa zilizopinda, akauliza kwa nini hakuna aliyeandika habari za mvua itakavyokuja. Jina lake aliliandika chini, kama kanuni ilivyotaka.

Tangu siku hizo hakuna makala iliyobandikwa kabla mwandishi hajajibu maswali matatu mbele ya wahariri. Je, niliyoyaandika niliyaona mwenyewe, au nimeambiwa na nani? Je, nimemwuliza anayehusika? Je, naweza kumsomea makala hii uso kwa uso? Maswali haya ni mepesi kuyakariri na mazito kuyatenda. Makala nyingi nzuri zilianguka katika swali la pili.

Jambo hili si geni duniani. Huko Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet, aliyerudi na jeraha la pafu kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, aliingiza mtambo mdogo wa kupiga chapa katika darasa lake la kijijini katika miaka ya 1920. Watoto walipanga herufi wenyewe, wakachapa habari za maisha yao, na kubadilishana magazeti na watoto wa shule za mbali. Aligundua yale niliyoyagundua nikiwa nimechelewa: mtoto hujali usahihi wa neno pale ajuapo kuwa liko jicho litakalolisoma kwa kutaka kujua.

Na sisi wenyewe tuna urithi wetu. Henry Muoria alikuwa mfanyakazi wa reli alipojifunza uandishi kwa njia ya posta, na mwaka 1945 akaanzisha gazeti la Kikuyu lililoitwa Mumenyereri, yaani mlinzi. Lilipigwa marufuku mwaka 1952. Kwa Kiswahili palikuwa na Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, na Taifa Leo, ambalo lasomwa hadi leo. Wanafunzi wangu walipojua kuwa serikali ya kikoloni iliogopa karatasi iliyochapwa kuliko hotuba nyingi, walilitazama gazeti lao la gundi na vibanio kwa heshima mpya, na kwa hofu kidogo, nayo hofu hiyo ilifaa.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Januari 2021. Ubao ulikaa langoni bila msomaji. Wenye simu waliendelea kuandikiana na kusomana, na wasio na simu walisomewa na jirani au hawakusoma kabisa. Katika simu hizo nilisoma habari nyingi zisizo na jina la mwandishi, zikisema fulani amekufa, fulani ana ugonjwa, dawa fulani imeponya. Nilimkumbuka mzee wa maji. Makala yetu ilisomwa na watu wa mtaa mmoja katika siku tatu, ikamwacha na mitungi tisa. Simu hulipeleka neno kwa maelfu ya watu kabla chai haijapoa, na wa kumrudia mwandishi langoni, kofia mkononi, hayupo.

Basi, mwanafunzi msomaji, iwapo shule yenu haina gazeti la ukutani, mwombeni mwalimu ubao mmoja mbovu. Andikeni habari za kwenu: mama zenu, mafundi wenu, majina ya mitaa yenu. Msingoje ndege wa mitini. Lakini kabla ya kumwandika mtu, mwendee. Mwulize, umsikilize, uhesabu naye. Kiswahili kizuri ni silaha, na silaha haiulizi imeshikwa na nani.

Yule kijana amekwisha kumaliza shule. Ile makala yake ya kwanza, yenye alama 18 kwa kalamu yangu nyekundu, ninayo hata leo ndani ya daftari langu la kazi. Kila mwanzo wa mwaka huwasomea wanafunzi wapya. Wao huisifu, na huniuliza kwa nini sikumpa 20. Nami huwasomea ya pili.